Kipande namba 31 kimegoma kugeuka bluu

Saa nne usiku. Namba 31 imekaa dakika 10 kwenye beseni la maji ya bomba, nimeitoa, nimeikamua, na bado ni ya kijani. Mita ya ukinzani wa umeme inasoma kilo-omu 9. Nikamwita mke wangu aje aone. Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, akauliza kama nimekula.

Kwa aliyedandia njiani: huu ni ule mradi wa vipande vya amerikani vilivyopakwa polianilini (plastiki inayopitisha umeme), vya kutundikwa kwenye banda la kuku. Amonia ya kwenye maranda ikizidi, kitambaa kitoke kijani kwenda bluu na ukinzani upande. Mapishi ni yale yale ya kila mtu: anilini 0.2 M (yaani moli kwa lita), amoniamu pasalfeti 0.25 M ya kuiunganisha hiyo anilini iwe mnyororo mrefu, yaani polima, asidi hidrokloriki 1 M, barafu pembeni. Anilini siileti nyumbani, inaishia maabara chini ya feni ya kuvuta hewa. Nyumbani vinakuja vipande vilivyokwisha kupakwa, basi.

Sasa balaa lenyewe. Namba 1 hadi 8 zilitoka safi, kijani cha jani la mgomba, kilo-omu 2 au 3 kati ya ncha na ncha. Kuanzia namba 9, kipande kinatoka kwenye asidi kikiwa kijani, nakisuuza, nakianika, kikikauka ni bluu ya wino. Ukipima, mita inaandika OL. Yaani umeme haupiti kabisa, afadhali ningepima kamba ya kuanikia.

Wiki ile ya namba 9 yalibadilika mambo mawili. Nilifungua chupa mpya ya pasalfeti, na mtambo wa kukeneka maji pale maabara ukaharibika. La kwanza niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa na kupigia mstari. La pili sikuandika popote. Nani anaandika habari za maji ya kusuuzia?

Basi nikaiandama pasalfeti wiki sita. Na ubaya ni kwamba hoja yangu ilikuwa na sura ya hoja: mchanganyiko wenyewe huanza bila rangi, ukapita kwenye bluu, ndipo ukatulia kwenye kijani. Nikajiambia chupa mpya ina nguvu kuliko ya zamani, inachoma polima kupita kiasi na kuiacha kwenye ile bluu ya katikati. Nikapunguza pasalfeti kidogo kidogo. Nilichopata ni vitambaa vyepesi kama vimepitishwa kwenye chai ya majani, na bado vilikuwa bluu. Nikaja kwenye barafu. Umeme ulikuwa unakatika kila jioni, nikanunua barafu kwa muuza juisi, nikashusha joto karibu na sifuri. Bluu nzuri zaidi. Namba 19 nilitaka kuichoma moto.

Hapo katikati kuna siku nilisherehekea bure. Ncha zote mbili za namba 22 zilikuwa kijani kibichi! Kumbe ni kutu ya shaba ya klipu za mamba (vibanio vya nyaya za mita), asidi ilikuwa imezila. Tangu siku hiyo klipu za shaba sizitaki karibu na kitambaa. Natumia vijiti vya kaboni kutoka kwenye betri kuukuu za redio, nimevifunga na pini za mbao za kuanikia nguo. Havishiki kutu, havina bei, na usomaji umetulia kuliko wakati wowote. Watu watakuambia ununue kipimo cha ncha nne. Ni kweli ndicho sahihi, ila kama unachotaka kujua ni kilo-omu 3 au OL, vijiti vya betri vinatosha sana.

Jibu lililetwa na uvivu. Namba 26 niliitupa kwenye beseni bila kuangalia, nusu ikabaki inaning'inia ukingoni. Niliporudi kutoka kufunga geti nikakuta kijani juu, bluu chini, na mstari katikati umenyooka kama umepigwa rula. Palipungukiwa nyeusi na njano tu niipandishe bendera. Nilisimama pale kama dakika nzima. Kisha nikadondosha tone moja la maji ya bomba kwenye ile sehemu ya kijani, likaacha doa la bluu.

Mtu wa Arusha sikupaswa kuhitaji wiki sita. Maji yetu yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yamebeba floraidi ile iliyotia rangi meno ya watu, na pamoja nayo baikaboneti ya sodiamu. Sabuni inateleza mkononi haitoki, wazee wanasema maji yana magadi, na wako sahihi. Polianilini inapitisha umeme kwa sababu ya asidi iliyoshikamana na mnyororo wake. Ukiileta kwenye maji yenye tabia ya magadi, asidi inang'oka, kijani kinakuwa bluu, njia ya umeme inafungwa. Ndicho hicho hicho nilichokuwa nataka amonia ifanye bandani! Kihisio changu kilikuwa kinafanya kazi tangu namba 9, kikinionyesha bomba langu.

Nikairudisha namba 26 kwenye asidi. Sekunde chache, kijani. Kilo-omu 3.1. Pasalfeti, nakuomba radhi.

(Hideki Shirakawa, mkemia wa Japani, alipata utando wake wa poliasetilini, plastiki nyingine ya kupitisha umeme, unaong'aa kama fedha kwa sababu kichocheo kilizidishwa kwa makosa mara 1,000 hivi, na mwaka 2000 akagawana Nobel ya kemia na Heeger na MacDiarmid. Makosa yangu mimi yamenipa matambara 17.)

Ningeweza kuishia hapo na kusuuza kwa maji ya betri, yale yaliyokenekwa. Lakini banda la kuku lina unyevu, na asidi hidrokloriki nayo hupotea yenyewe hewani taratibu. Nilihitaji asidi nene isiyohama, yenye mkia mrefu unaochukia maji. Maandiko yote yanataja asidi ya dodesailibenzini salfoniki, nikaanza kuulizia bei ya kuagiza nje, nikakata tamaa. Hadi nikakumbuka kinamama wa sabuni ya maji. Ile salfoniki yao, ya kahawia, nzito kama asali, ni ya ukoo huo huo! Nikaenda duka la malighafi za sabuni upande wa Kilombero hapa hapa Arusha. Kijana akauliza, "Bro, unaanza na lita ngapi, na rangi na manukato nikuwekee?" Nikasema nusu lita, bila manukato. Alinihurumia.

Namba 27 hadi 30 zilikuwa povu tupu, sitaki kuzieleza. Namba 31 niliifanya bluu kwanza makusudi, nikailoweka usiku kucha kwenye salfoniki iliyozimuliwa, nikaianika, nikasuuza povu. Kilo-omu 6 kabla ya maji ya bomba, 9 baada yake. Imepoteza, ndiyo, lakini iko hai.

Wasiwasi ukawa kwamba imekuwa ngumu hata kwa amonia. Jana alfajiri nikaipeleka kwa jirani mwenye kuku wa mayai, siku ambayo maranda hayajageuzwa na macho yanawasha ukiingia tu. "Shikamoo mama, naomba nitundike kidude changu." "Marahaba mwanangu, mradi kisiwe cha kuwapiga picha." Hadi saa sita mchana kilikuwa kimefifia kuelekea bluu na mita ilisoma 41. Nikakitoa nje penye upepo, kikashuka hadi 17. Hakirudi chote, na unyevu nao unachezea usomaji kwa upande wake. Amonia ya sehemu 25 kwa milioni ya hewa, ambayo wafugaji wanaambiwa wasiivuke, bado sijui inaangukia kilo-omu ngapi.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa Arduino (kikompyuta kidogo cha kusoma vihisio) na king'ora. Imeshanunuliwa, iko kwenye kisanduku chake, itasubiri. Maana leo asubuhi nimekata vipande vidogo vya zamani, vile vya asidi hidrokloriki, vinavyoharibika haraka, nikaviweka kwenye glasi tofauti. Bomba letu: bluu ndani ya dakika 4. Maji ya mvua ya tangi: baada ya saa nzima bado kijani kilichochoka tu. Floraidi yenyewe kitambaa hakiioni, kinachokiumiza ni hayo magadi, hivyo asije mtu akakitumia kuamua maji ya kumnywesha mtoto. Lakini jinsi glasi mbili zilivyoachana mbele ya macho yangu, sikuweza kufikiria king'ora tena.

Dada yangu wa Moshi, ambaye kila akija hapa anakunja uso akionja chai, anapanda basi kesho na chupa tatu za maji ya kwao. Nimebakiwa na vipande 11.