Nilivyompata diwani wa kumpigia kura kati ya watu nisiowajua

Wagombea wa ngazi za juu niliwafahamu, walau kwa sura na kelele zao. Kwenye udiwani ndipo nilipokwama. Majina kibao, na hakuna hata moja lililonigusa. Mabango nayo yaliimba wimbo mmoja: maendeleo, uwajibikaji, sauti ya wanyonge. Ungeweza kuhamisha picha kutoka bango hili kwenda lile na hakuna ambaye angeshtuka.

Nikaona nianze na kazi yenyewe kabla ya watu. Diwani hukaa kwenye baraza, hupitisha bajeti ya halmashauri, hutunga sheria ndogo za masoko, taka na maegesho, na huwabana watendaji waseme pesa imekwenda wapi. Hapangi mishahara ya walimu wala hashushi bei ya mafuta. Basi nikachukua vipeperushi na kalamu, nikafuta kila ahadi isiyo ya ngazi hiyo. Kimoja kilibaki na salamu na namba ya simu.

Aliyekuwa anatetea kiti chake hakunisumbua sana, maana mwenye rekodi hupimwa kwa rekodi. Mihtasari ya vikao vya baraza huandikwa, na mwananchi akiiomba bila kuona haya, mara nyingi huipata. Inachosha kusoma, sikatai. Lakini ukipitia orodha ya waliohudhuria, kisha ukatafuta jina lake kwenye maswali yaliyoulizwa, unapata picha ambayo jukwaani huipati. Huyu wetu alihudhuria vizuri tu. Kusema ndiko kulikokuwa haba, isipokuwa siku posho ilipojadiliwa.

Wapya hawana mihtasari, kwa hiyo niliwapigia simu, na wote niliwauliza swali moja: ahadi yako kubwa itagharimiwa na fungu lipi? Wengine hawakupokea. Mmoja alinijibu kwa ukarimu mkubwa, "Ndugu yangu, wewe tupe kura kwanza, hayo tutayajua tukishaingia." Mama mmoja aliyeahidi habari za zahanati alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mpya siwezi kukuahidi, nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza ni kupigania pesa ya matengenezo ya hii iliyopo, isihamishiwe matumizi mengine katikati ya mwaka." Sikupenda sana kusikia kwamba zahanati mpya haipo. Ila huyo alikuwa ameisoma bajeti.

Kisha nikaenda kwa watu. Kuuliza "ni mtu mzuri?" ni kupoteza muda, kila mtu ni mzuri kwa jirani yake wakati wa uchaguzi. Niliuliza: umewahi kushika naye pesa za watu? Kamati ya shule, kikundi cha kuweka na kukopa, michango ya msiba, popote. Hapo ndimi hulegea. Nilisikia habari za mahesabu yaliyosomwa hadharani mpaka shilingi ya mwisho, na za daftari lililopotea ghafla.

Jambo jingine lilikuwa kujilinda dhidi ya macho yangu mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walieleza jinsi walivyowaonyesha watu picha za wagombea wa Seneti ya Marekani, kisha wakawauliza nani anaonekana kuiweza kazi. Uso pekee ulilingana na mshindi katika takriban asilimia 70 ya vinyang'anyiro. Hata nafasi ya jina kwenye karatasi ina uzito wake, ndiyo maana California hupanga majina kwa bahati nasibu ya herufi, aliye juu asije akavuna kura za bure. Kwa hiyo niliamua nikiwa nyumbani, jina nikaliandika kwenye kikaratasi. Kule kituoni, foleni ikikusukuma kwa nyuma, mtu huchagua suti.

Yule mama nilimpa kura, ingawa chama chake sikipendi. Kwa diwani hilo halinisumbui sana, kwa sababu mtaro ulioziba hauna itikadi. Kulikuwa na nafasi nyingine ambayo wagombea wake sikupata kujua lolote juu yao, na karatasi yake niliitumbukiza bila alama. Rafiki yangu anashikilia kwamba hiyo ni kura iliyotupwa. Mimi nasema afadhali niwaachie waliowachunguza kuliko kuzivuruga kura zao kwa kubahatisha, na mpaka leo hatujaelewana.