Simu mbili, bei mbili za viazi

Mama mmoja wa Isongole, Rungwe, alinipigia saa moja asubuhi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Mwanangu, dalali yuko hapa na gari. Simu yangu inasema gunia la viazi 60,000, ya jirani inasema 75,000. Nishike ipi?"

Ukurasa huo wa bei nimeutengeneza mimi. Niliufungua nikiwa Mbeya mjini nikaona 75,000, nikamwambia asishuke hapo. Alikuwa na magunia 30. Tofauti yake ni shilingi 450,000. Sikuweza kunywa hata chai.

Asubuhi yote niliimalizia kwenye hifadhidata, na haikuwa na kosa lolote. Ndipo nikaandika curl -I, amri inayoonyesha heda (maelezo ambayo seva hutanguliza kabla ya ukurasa wenyewe), nikairudia mara 20 kwa anwani ileile. Majibu yakaja ya aina mbili: mengine yana Cache-Control: no-cache, heda inayokielekeza kivinjari namna ya kutumia nakala kiliyoihifadhi, mengine hayana heda hiyo kabisa. Tuna seva mbili zinazopokezana maombi, na iliyokosea ni ya pili.

Kwenye nginx ya seva hiyo, yaani programu inayotoa kurasa, Cache-Control niliiandika juu, kwenye server, sehemu ya mipangilio ya tovuti nzima. Baadaye nikaongeza add_header nyingine, amri ya kuongeza heda, ndani ya location, sehemu ya mipangilio ya anwani fulani tu, nikidhani zitajumlishwa. Hazijumlishwi. Location ikishakuwa na add_header yake, hata moja tu, zile za juu hairithi.

Sasa kivinjari kikikosa Cache-Control na Expires, heda ya tarehe ya nakala kuisha muda, kinaruhusiwa kukisia. Hutazama Last-Modified, yaani lini ukurasa ulibadilishwa mara ya mwisho, kisha hukaa na nakala kwa sehemu ya muda uliopita tangu hapo. RFC 9111 ya mwaka 2022, waraka wa kanuni za kuhifadhi nakala kwenye wavuti, inataja 10% kuwa kiwango cha kawaida. Bei yetu ilikuwa imetulia siku 10. Mama alifungua ukurasa jana yake jioni, kwa hiyo simu yake ilikuwa na ruhusa ya siku nzima bila kuiuliza seva chochote. Kadiri bei inavyotulia, ndivyo badiliko lake linavyochelewa kuonekana, na siku bei inapopanda ndiyo siku dalali anawahi kufika shambani.

Wengine huikwepa no-cache wakihofia bando za watu. Inayokataza kuhifadhi ni no-store. No-cache huagiza kuuliza kwanza, na kama hakuna jipya seva hujibu 304, yaani "haijabadilika", bila kutuma faili upya. Ila kwetu hata hilo lilikuwa halifanyi kazi vizuri: nginx hutunga ETag, alama ya kutambua toleo la faili, kwa muda wa faili kubadilishwa na ukubwa wake, nami nilikuwa nanakili faili kwenye seva hizo kwa nyakati tofauti, hivyo alama zikatofautiana. Rsync, programu ya kunakili faili, yenye -t inayotunza muda wa faili, ilimaliza hilo.

Heda zote nikaziweka kwenye faili moja, nikaiita kwa include ndani ya kila location, seva zote mbili. Curl mara 20 tena: jibu moja.

Nakala iliyokwishaingia kwenye simu, seva haiwezi kuifuata. Nikampigia mama, nikamwelekeza avute ukurasa chini mpaka akaisoma mwenyewe 75,000. Magunia yake 30 yalikuwa yameshapakiwa kwa bei hiyohiyo.