Nilivyopika sabuni Ujiji wakati wa Vita vya Kagera

Novemba 1978 nilikuwa na watoto wawili, wa pili ananyonya, na sabuni iliyobaki ndani ilikuwa kipande cha mche kisichozidi kidole gumba. Tarehe 2 tulimsikia Mwalimu Nyerere redioni akisema uwezo wa kumpiga Amin, mtawala wa Uganda aliyeivamia Kagera, tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mume wangu alikuwa mgambo. Siku chache baadaye jina lake likasomwa kwa balozi wa nyumba kumi, akapanda treni na wenzake pale stesheni ya Kigoma: Tabora, kisha Mwanza, halafu wavuke ziwa kwenda Bukoba. Sikulia mbele yake. Nililia niliporudi nyumbani nikakuta shati lake la kazi kwenye beseni, na sina cha kulifulia.

Watu wakisimulia vita ile husimulia mapigano ya Kyaka, Mutukula na Lukaya, na ni haki yao. Lakini sisi wa mwisho wa reli, ambao hatukusikia hata mlio mmoja wa bunduki, ilituingilia dukani. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Malori, hata ya watu binafsi, yalichukuliwa kupeleka askari na chakula Kagera. Mafuta ya taa yakawa ya kutafuta, na mvuvi wa dagaa asiye na mafuta ya karabai hana la kufanya ziwani usiku wa giza. Sabuni ikisikika imefika, foleni inaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na mara nyingi inaisha hujafika dirishani. Watoto wangu wakaota upele.

Mama mkwe alinikuta namkuna mdogo mgongoni. Akasema, "Mwanangu, mawese yapo, majivu yapo. Unangoja nini?"

Tukachoma maganda makavu ya ndizi pamoja na mikungu ya michikichi iliyokwisha kupukuchuliwa. Majivu tukayajaza kwenye chungu kilichotobolewa chini, tundu limezibwa kwa nyasi, tukawa tunamwagia maji kidogo kidogo. Yaliyochuruzika yalikuwa na rangi ya chai kavu, yanateleza vidoleni na yanauma penye mchubuko. Mama akatumbukiza yai bichi la kuku. Likizama, maji bado mepesi, unayapitisha kwenye majivu mengine. Likielea, yanafaa. Yai hilohilo tulilitumia siku nzima, na mwanangu mkubwa alikaa hapo akilitazama asibanduke.

Nilipika mawese na maji yale tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nilichopata kilikuwa kama uji mzito wa ulezi. Kilitoa uchafu, hilo sikatai, lakini ukichota kiganja kimoja nusu inakwenda na maji. Mbaya zaidi, mara ya pili nilizidisha maji ya majivu, nikafulia nepi, mtoto akachubuka. Nilijilaumu sana. Tangu hapo sikuruhusu sabuni yangu iguse mwili wa mtoto kabla haijakaa mwezi mzima.

Kilichotuokoa ni chumvi ya Uvinza. Mama alikumbuka kwamba marehemu mama yake alikuwa akiitia sabuni chumvi ikiwa bado jikoni. Nikatia konzi mbili inachemka. Jamani, niliona kwa macho yangu: sufuria nzima ilikatika kama maziwa yaliyoharibika, mabonge yakapanda juu, maji meusi yakabaki chini. Nikayaopoa mabonge kwa upawa, nikayashindilia kwenye kisanduku cha mbao nilichotandika jani la mgomba, nikakiweka juu ya uchaga. Baada ya wiki mbili ilikuwa ngumu, ya rangi ya manjano, na inakatika kwa uzi.

Nilibadilishana na majirani, kipande kwa kisahani cha dagaa au kwa muhogo. Sikuiuza kwa bei ya ulanguzi hata siku moja, na wake wa mgambo niliwapa bure. Januari kundi jingine lilipoondoka, nilimshonea kijana wa jirani vipande vinne ndani ya kitambaa, nikamwambia ampelekee baba watoto akimpata.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Mimi niliendelea kupika hadi 1984.

Mume wangu alirudi mzima, namshukuru Mungu. Mapigano hakupenda kuyazungumzia, nami sikumlazimisha. Alizungumzia miguu. Kutoka Mutukula walitembea, mvua inanyesha, soksi hazikauki wiki nzima, ngozi ya nyayo inabanduka. Walikula ndizi za kuchemsha bila chumvi. Kifurushi changu kilimkuta wakiwa wameshapita Masaka, kimepita mikono mingi, kimebaki kipande kimoja. Walikuwa tisa. Akavuta uzi kwenye pindo la shati, akakikata vipande tisa, wakashuka kijitoni kuosha miguu. Akasema wenzake wa mikoa mingine walicheka rangi ya sabuni ile. Yeye na kijana mwingine wa Kigoma hawakucheka. Walikaa ukingoni, kila mmoja ananusa kiganja chake.