Siku moja nikishika maiki ya filamu ya mapenzi

Saa 11 alfajiri naamka Nkuhungu, nahesabu betri, natia hedifoni begini. Saa 2 asubuhi tumeshakunywa chai na waigizaji wanapakwa poda barazani.

Kazi yangu ni kushika fimbo ndefu yenye maiki kwenye ncha, juu ya vichwa vya watu wanaopendana. Majirani hudhani ni fundi umeme. Sauti hainaswi na kamera, nainasa mimi kwenye kinasa changu, na kile kibao kinachopigwa "paa!" mbele ya kamera ndicho kinachomsaidia mhariri kuoanisha mdomo na neno.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha: marafiki wanne wamepanga nyumba moja, wote wamevuka 28, hakuna mwenye mchumba, na mama zao wameanza kupiga simu kila Jumapili. Leo dada mmoja anamwambia mwenzake wa chumba cha pili, "Kumbe muda wote huu nilikuwa nakutafuta wewe." Maneno saba tu.

Saa 3 tukaanza. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba hauna adabu. Maiki nimeivika manyoya, bado unavuma kama mtu anapuliza chupa. Tukarudia, tukarudia. Mara ya nne upepo ukatulia, mashine ya kusaga nyumba ya tatu ikawashwa.

Dairekta akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyeiwasha. Nikaenda.

"Mbukwenyi, mzee," nikasema kwa Kigogo changu cha kuokoteza. "Naomba uzime dakika 10 tu, tunarekodi filamu ya mapenzi."

Akanionyesha foleni: ndoo sita za mahindi, mifuko miwili ya uwele. "Na hawa watakula mapenzi?"

Elfu 10 ikamlainisha. Lakini wenye ndoo, kwa kuwa sasa hawana cha kufanya, wakanifuata hadi seti. Dada akasema maneno yake saba kwa sauti ya kunong'ona, vizuri mno, na mama mmoja nyuma ya kamera akaguna: "Mwanangu, ukimwambia hivyo atakuringia." Neno hilo limeingia safi, safi kuliko la mwigizaji. Kabla hatujamaliza kucheka, dakika 10 zikaisha, mashine ikarudi. Tukatoa elfu 10 nyingine. Ikapita bodaboda. Akalia mbuzi.

Fimbo ni nyepesi mpaka uishike juu dakika tano. Baada ya hapo ni nguzo ya umeme. Chakula sijui kililetwa saa ngapi. Ugali na mlenda, nusu yake nikaumwagia suruali kwa mikono kutetemeka.

Jua limeshalegea, umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine kimya, bure kabisa, na sisi tunatumia betri. Mara ya 17 ikapita. Dada alitoa machozi ya kweli, nadhani ya uchovu. Watu wakakumbatiana, hakuna aliyeuliza kama sauti imeingia. Imeingia.

Hapo ndipo ninapochukiwa, maana kabla ya kufungasha huwa naomba dakika moja ya ukimya wa mahali penyewe, mhariri aupate wa kuzibia mapengo. Hakuna kusogea, hakuna simu. Watu 11 wamesimama kama wako msibani. Kwenye hedifoni nasikia bati likilialia kwa kupoa, kuku anaparura mchanga. Sekunde ya 40, tumbo la yule mpendwa wa chumba cha pili likanguruma.

"Tunarudia," nikasema.