Kigimbi leo kimenyamaza

Nimetoka kwa fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, sasa hivi. Wenye siyatika, yale maumivu ya neva inayotoka kiunoni inapita kalioni mpaka unyayoni, sogeeni.

Lile zoezi la kuinama magoti yamenyooka ushike vidole vya miguu kalipiga marufuku, eti linazidi kuivuta neva ambayo tayari imekasirika.

Kanilaza chali, kifundo cha kushoto juu ya goti la kulia, nikavuta paja la kulia kifuani taratiiibu, na jamani maumivu yakatoka kigimbini yakapanda yakabaki kalioni tu!! Kumbe hiyo ndo dalili nzuri, yakipanda endelea, yakishuka mguuni acha hapohapo.

Ila mkojo ukigoma au ganzi ikiingia mapajani kwa ndani, hospitali siku hiyohiyo.

Nyie mnafanya lipi?