Zimma ni ya vijana, wazee wako wapi?

Mtu akiniuliza Zimmerman, Zimma yetu hapa Nairobi, ni mtaa wa watu gani huwa namwambia asimame tu kwa duka la kona dakika kumi. Hili la ploti yetu linauza pampas moja moja, zimetolewa kwa pakiti zikapangwa kwa saizi, halafu kuna mafuta ya kupima, indomie, pedi, tokeni za stima na gesi ya kilo 6. Ile kubwa ya kilo 13 utaiona moja imeshika vumbi, manake nani atapanda nayo hadi flo ya sita na lifti hakuna, na bedsita yenyewe ukiweka kitanda umebaki na nafasi ya kugeuka tu. Kemist nayo inayoenda mbio ni p2 (tembe za dharura za kuzuia mimba) na dawa ya homa ya watoto. Kwa hivyo bila kuuliza mtu umri ushajua, hapa ni vijana na watoto wadogo basi.

Jina ni la Mjerumani, Zimmermann, aliyekuwa na karakana ya kukausha na kujaza wanyama waliowindwa, simba wa kuwekwa sebuleni huko majuu. Serikali ikapiga marufuku uwindaji 1977, biashara ikaisha, jina likabaki. Hii story nikiwaambia majirani wanadhani nimeitunga.

Lakini kile kilileta watu kwa fujo ni barabara. Kibaki alifungua Thika Superhighway mwezi wa 11 mwaka wa 2012, na kutoka hapo nyumba za chini zenye ua zikaanza kuangushwa moja moja, kwa kila moja kunaota fleti ya watu mia. Chuo ziko karibu, KU upande ule, USIU upande huu, matatu ya 44 inakufikisha tao, na kodi bado mtu wa mshahara wa kwanza anaiweza. Sensa ya 2019 ilihesabu kaunti ndogo ya Kasarani, ambayo sisi tuko ndani, ikapata watu 780,656, yaani ya pili Nairobi nyuma ya Embakasi. Kaunti nzima ilikuwa 4,397,073, na miaka kumi kabla tulikuwa 3,138,369, sasa fikiria hao wa kuongezeka wote wanataka maji na choo.

Kuna namba moja kwa hiyo sensa huwa inanifurahisha sana na sioni watu wakiizungumzia. Wanawake Nairobi walikuwa 2,204,376, wanaume 2,192,452. Mkoloni huu mji aliupanga uwe wa wanaume wa kazi, unakuja na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, unapewa nafasi ya kitanda, bibi na watoto wanabaki reserve. Leo kwa koridoo yetu milango mingi ni ya wasichana wanaoishi pekee yao, wamelipa depositi wenyewe, fridge ni yake, tivii ni yake, na kama kuna jamaa anaonekana wikendi yeye ndio mgeni. Nyumba ya kawaida Nairobi ina watu 2.9, Kenya nzima ni 3.9. Huyo mmoja aliyekosekana nadhani ni shosho.

Makabila nisianze, kwa ngazi asubuhi utasikia Kikamba, Kijaluo, Kikisii, Kikuyu na hujafika geti. Ila mtaa umeshapita Kenya kitambo. Jumapili flo ya juu ya jengo la mbele kuna kanisa la Wakongo, wanaimba Kilingala, mahubiri Kiswahili chao cha kule na Kifaransa kidogo, ngoma mpaka saa nane (mimi nalalamika lakini nikisafiri naikosa). Warundi wanapita na njugu na thermos ya kahawa. Wasudani Kusini wengi ni mama na watoto wa shule, baba yuko Juba anatuma pesa. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, lakini ukweli watu walikuwa washafika na kununua masufuria kabla marais hawajasaini chochote.

Sasa wazee. Mkubwa wa nyumba kumi upande wetu hajafika hata arobaini. Mzee ukimwona hapa ujue ameletwa kliniki. Mwezi uliopita mama ya jirani alikuja, akapanda ngazi akikaa kila flo kupumua, na kila akikaa anauliza huu mlango ni wa nani, huu nao, na mtoto wake hakujua jibu hata la mmoja. Alikaa wiki akarudi ushago, akisema hapa hakuna mtu wa kupiga naye story mchana. Ni kweli, mchana ni mama fua, watoto na watu wa boda.

Watu huona huu mtaa ni wa vijana juu tunazaa sana, lakini mimi naona ni juu kila mtu amepanga kutoka. Ukipata pesa unajenga Ruiru ama Juja, ukichoka unarudi kwenu, ukifa tunachanga kwa grupu ya WhatsApp unasafirishwa. Krismasi ploti inabaki na mlinzi na paka, bahati nzuri sensa hufanywa Agosti. Na mtu wa kupita hadai shule, ndio maana watoto wanasoma kwa fleti na kucheza ruf katikati ya nguo zilizoanikwa. Kodi tunalipa hapa, kura tumeandikisha nyumbani. Mwanasiasa si mjinga, anajua nani wa kumwogopa. Mimi yangu nimehamisha, jirani anasema yake ataiangalia akirudi kutoka Krismasi.