Kumbukumbu ya mradi: shindano la insha na michoro, Februari 2026

Novemba

Tarehe imepatikana. Jumamosi ya mwisho ya Februari, ukumbi wa chini wa kanisa ambako watoto hufanyia masomo ya ziada, hapa upande wa kaskazini wa Chicago. Wengi wao ni wa familia zilizotoka mashariki mwa Kongo, wakakaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Nyumbani wanaongea Kiswahili, shuleni Kiingereza, na wakubwa kidogo wana Kifaransa. Insha itapokelewa kwa lugha yoyote kati ya hizo.

Mwaka huu nimeuchagua makusudi. Februari 1926 ndipo mwanahistoria Carter G. Woodson alipoanzisha wiki ya historia ya Weusi wa Marekani, akaipanga iangukie siku za kuzaliwa za Rais Abraham Lincoln na Frederick Douglass, Mweusi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, kwa kuwa watu walishazoea kuzisherehekea. Mwaka 1976 wiki ikawa mwezi. Kwa hiyo tunatimiza miaka 100, na chama alichokitumia Woodson kuisukuma kazi hiyo kilianzishwa mji huu huu, Septemba 1915, kwenye jengo la YMCA la Wabash Avenue, mtaa wa Bronzeville.

Nilipowasimulia watoto, kilichowashika haikuwa tarehe. Woodson alizaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa, akachimba makaa ya mawe West Virginia, akaingia sekondari akiwa na miaka 20. Tuna kijana ambaye amewazidi umri wanafunzi wote wa darasa lake kwa sababu ya miaka ya kambini. Akauliza, "Mwalimu, ishirini? Na walimkubali?" Walimkubali, akamaliza, na mwaka 1912 akapata udaktari wa historia Harvard. Yule kijana ameshaamua ataandika juu ya nani.

Sharti nililoweka ni hili: anayeandikwa lazima awe ameishi au amefanya jambo Chicago. Baadhi ya wazazi hawakulipenda, wakaona ninawanyima watoto mashujaa wakubwa. Nimeshikilia. Kila Februari mashuleni huletwa aya zile zile juu ya Martin Luther King, zimenakiliwa tu. Anayemtaka King namkaribisha, lakini aandike King wa 1966, aliyehamia na mkewe kwenye nyumba chakavu ya kupanga North Lawndale ili kupigania haki ya Weusi kupata makazi. Huyo King watoto wangu wanamwelewa haraka, maana habari za kodi na mwenye nyumba asiyetengeneza kitu wanazisikia jikoni kwao.

Desemba

Tumekwenda Bronzeville, baridi kali, akina mama wachache wakatusindikiza. Nilitaka waione sanamu ya Alison Saar inayowakumbuka Weusi waliohama Kusini mwa Marekani kuja miji ya Kaskazini. Iliwekwa mwaka 1996. Ni mtu wa shaba, mkononi ana sanduku lililofungwa kamba, na suti yake yote, kola hadi pindo la suruali, imeundwa kwa umbo la soli za viatu vilivyolika. Ukisogea unaona matundu ya soli. Watoto walivua glavu wakazipapasa moja moja. Mama mmoja akasema, "Huyu ametembea kweli," akanyamaza, kisha akaanza kuwaeleza watoto wake jinsi walivyoondoka kijijini kwao. Waliokuwa wamekwama bila mada walirudi nazo.

Januari, mwanzoni

Insha za kwanza zimeingia. Nimependa sana ya binti wa darasa la 8 aliyemchagua rubani Bessie Coleman. Coleman alikuja Chicago kutoka Texas, akafanya kazi ya kutengeneza watu kucha kwenye duka la kinyozi. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, tena Mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Weusi la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Akajifunza Kifaransa kwanza, akaenda, na Juni 1921 akapata leseni. Binti yetu, ambaye Kifaransa chake shuleni hakuna anayekiulizia, ameandika kwa Kifaransa na kutafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Aya yake ya mwisho inahusu Aprili 1926, Coleman alipoanguka kutoka kwenye ndege Jacksonville, Florida, miezi michache baada ya ile wiki ya kwanza ya Woodson. Kuyaunganisha matukio hayo mawili ni wazo lake mwenyewe.

Mwingine anaandika juu ya wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya treni ya kampuni ya Pullman, waliosafirisha Defender kimya kimya hadi Kusini, na ambao abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, George Pullman. Insha bado fupi, ila ina hasira ya haki. Sitaki aipunguze.

Januari, katikati

Zamu ya rangi. Nimewafundisha njia ya mchoraji Mweusi Jacob Lawrence. Alipochora simulizi ya uhamaji ule ule wa Weusi kwenda Kaskazini, vipande 60, mwaka 1940 na 1941, alivipanga vyote pamoja akapaka rangi moja kwenye kila kipande inapohitajika, ndipo akahamia rangi nyingine. Ndiyo maana kahawia ya kipande cha mwanzo ni ile ile ya mwisho. Na kila kipande kina maneno yake chini, hivyo picha na maandishi vinasimulia pamoja. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye shindano letu.

Tumekata kadibodi, tukapaka nyeupe pande zote mbili zisipinde, tukazitandaza meza nzima. Tumeanza na nyeusi, kisha kahawia. Inahitaji subira, na wadogo walitaka kurukia nyekundu, lakini meza ilipoanza kufanana walitulia wenyewe.

Yaliyobaki: bluu, njano na nyekundu, kisha maelezo ya sentensi mbili chini ya kila mchoro. Waamuzi wamekubali, mwalimu mstaafu wa South Side na mchoraji wa mtaani kwetu. Zawadi ni vitabu na seti za brashi. Jumamosi ijayo tunasoma insha kwa sauti mbele ya wazazi, na asiyejua Kiingereza atatafsiriwa na mtoto wake.